Zinovia Gurău na Chumba cha Alhamisi

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2024, Zinovia Gurău anastaafu kazi katika kliniki yetu ya watoto ya Valea Cireșului. Aliingia hapa Septemba 1990 akiwa mkandaji wa watoto wachanga, anatoka akiwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Katikati kuna miaka thelathini na mitatu, ukiondoa mmoja ambao aliutumikia kwingine na ambao mwenyewe amenitaka niueleze bila kuupaka sukari. Nitaueleza. Chumba chake na changu vimepakana. Mimi nawafundisha watoto kutamka, yeye anawafundisha kula, kuvaa na kushika, na ukuta ulio kati yetu ni mwembamba kuliko heshima inavyotaka.

Kwa wageni wa sherehe ambao hawamjui: ni yule mwanamke mfupi aliyekaa karibu na dirisha, mwenye mikono mikubwa, anayeanza kucheka kabla kichekesho chake hakijafika popote. Mkisikia kicheko bila kujua kilichochekesha, mgeukieni.

Alipoanza, nchi ilikuwa inabadilika jina na kila kitu kilikuwa kinakwisha. Majira ya baridi ya miaka ile mabomba ya joto yalikaa ukutani kama mapambo. Zinovia alikuwa akiingiza mikono kwapani kwa dakika kadhaa kabla hajamgusa mtoto, na akina mama wakadhani ni sehemu ya matibabu, wakaenda kuifanya nyumbani. Mshahara ulikuja unapotaka, na mara nyingi haukuja kama fedha. Kuna mwaka tulilipwa sukari. Kuna mwaka tulilipwa ndoo. Zinovia alibeba ndoo zake tano kichwani na mikononi, akakatiza soko zima akicheka, na alipofika nyumbani kwa mama yake alikuwa amebaki na mbili, kwa kuwa kila aliyemsifia ndoo alipewa moja.

Alikuwa mkandaji mzuri. Naliandika hilo kwa sababu yeye mwenyewe hupenda kusema miaka ile ya kwanza alikuwa anapapasa tu. Si kweli. Watoto waliokuja wamekunjamana kama jani kavu waliondoka wamelegea, wamelala. Lakini ukandaji una mwisho wake, na mtu aliyemwonyesha mwisho huo alikuwa fundi bati.

Anatol Pleșca wengi mnamfahamu; mabati ya paa la kliniki hii ni kazi yake. Mwaka 1999 alikuja na binti yake Domnica, mtoto wa miaka minne, ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa umekakamaa tangu kuzaliwa, ngumi imefungwa, kiwiko kimebana mbavuni. Mkono wa kulia nao ulikuwa mzito. Mama yake Domnica alikuwa amekwenda Italia kutunza wazee wa watu, kama nusu ya akina mama wa mtaa wetu, kwa hiyo baba ndiye aliyemvalisha, akamlisha, akamsuka nywele. Nywele alizisuka vizuri sana. Alituambia ni kama kukunja bati, tofauti ni kwamba bati halipigi kelele.

Alikwisha kwenda hadi mji mkuu, Chișinău, kutafuta mtu wa kumfundisha mwanawe kutumia mikono. Alimpata, katika kliniki ya kulipia yenye viti vya ngozi. Walipomtajia bei ya kikao, alidhani ni bei ya mwezi. Walipomweleza kwamba mtoto angehitaji vikao vingi kila wiki, na kwa miaka, akawashukuru, akamvalisha binti koti, akarudi na basi la jioni.

Basi akaja kwetu, ambako kukandwa kulikuwa bure. Zinovia akaukanda ule mkono majira yote ya kupukutika majani hadi theluji. Siku moja vidole vilifunguka kwenye kiganja chake, vyote vitano, na Zinovia akatuita wote tuje tuone. Tulikuja. Tulipiga makofi. Anatol hakupiga.

"Mkono umelainika, dada, naona," akasema. "Mungu akubariki. Lakini atakula mwenyewe lini?"

Zinovia akabaki amevishika vile vidole vitano.

"Sikulaumu," Anatol akaendelea, akimfunga binti kofia chini ya kidevu. "Nauliza tu, kwa sababu mimi napanda juu ya mapaa. Siku nikianguka, nani atamlisha?"

Walipoondoka, Zinovia alikaa kwenye kitanda cha kukandia, miguu haifiki chini. Akaniambia, "Evdochia, nimekuwa nikiwalainisha watoto hawa miaka tisa. Nawalainisha kwa ajili ya nini?" Nikaenda kumchemshia chai. Hata chai ilikuwa imekwisha.

Baada ya Pasaka alisikia kwamba huko Iași, katika nchi jirani ng'ambo ya mto Prut, kumeanzishwa mafunzo ya kazi ambayo kwetu haikuwa hata na jina: kumfundisha mtu shughuli za maisha yake, kijiko, kifungo, soksi, kalamu, kwa mwili alio nao na si kwa mwili ambao daktari angependa awe nao. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Akaenda kuomba ruhusa kwa mkuu wetu wa wakati ule, Daktari Leontina Bejan, ambaye leo yuko nasi kwenye safu ya mbele na amenipa idhini ya kuandika maneno yake kama alivyoyasema.

"Zinovia, nielewe vizuri. Unataka kuvuka mpaka ili ukasomee namna ya kuvaa soksi?"

"Ndiyo, Daktari."

"Na ukifeli?"

"Nitarudi peku."

Daktari Bejan hakucheka. Alimpa ruhusa ya siku za Ijumaa bila malipo, kwa kuwa alikuwa na uhakika kwamba baridi ya Januari itamrudisha. Baridi haikumrudisha. Kwa miaka miwili Zinovia alipanda basi, akasimama foleni mpakani akitafuna mbegu za alizeti, akakaa darasani na wasichana walioweza kuwa binti zake, akarudi Jumapili usiku na Jumatatu asubuhi akawa kazini. Nauli aliipata kwa kukanda migongo ya madereva wa hayo hayo mabasi. Kuna dereva mmoja aliyeapa kwamba asingelipita daraja bila kwanza Zinovia kumgusa shingo.

Alifaulu. Akarudi mwaka 2002, amevaa viatu.

Chumba alichopewa kilikuwa chumba cha zamani cha kufulia, sakafu imeinamia upande wa mfereji, hivyo kila mpira ulioanguka ulikwenda kona ile ile. Vifaa hakukuwa. Anatol alitengeneza bakuli za bati zenye ukingo mrefu, ili chakula kisikimbie kijiko. Seremala mmoja akatoa kiti. Mimi nikatoa mapazia yangu ya zamani, yakashonewa vifungo vya kila ukubwa, kikubwa kama kopo la jamu na kidogo kama punje ya dengu.

Domnica alikuwa mwanafunzi wa kwanza wa chumba hicho, naye alikichukia. Alikuwa amezoea baba kumlisha. Kwa nini ahangaike? Aligeuza uso ukutani. Alitema. Aliwahi kumuuma Zinovia mkono, na Zinovia akasema kwa sauti kubwa, nikaisikia upande wangu, "Haya, meno ni mazima. Hilo tumeshalijua." Wiki zikapita, kijiko kikaokotwa na kuanguka.

Hatimaye kilichofanikiwa hakikuwa kijiko. Mnajua mămăligă ya kwetu ilivyo, ugali wa mahindi unaomiminwa juu ya ubao ukaachwa ushikamane, kisha ukakatwa kwa uzi. Na uzi hauwezi kukata kwa mkono mmoja. Zinovia alimtazama mama yake mwenyewe akikata Jumapili moja, akasimama mezani kabla ya kula, akaenda kutafuta uzi. Jumatatu alipika mămăligă kwenye jiko la umeme la kliniki, jambo lililokatazwa kabisa. Akafunga kitanzi upande mmoja wa uzi, akakipitisha kwenye ngumi ya kushoto ya Domnica, mkono ule uliokakamaa. Ngumi ambayo bila kukandwa haikutaka kufunguka ikawa ndiyo hasa inayotakiwa: kazi yake ilikuwa kushikilia tu. Mkono wa kulia ukavuta. Uzi ukapita kwenye ule ugali wa njano kama kisu.

Domnica aliangalia vipande viwili. Akasema, "Tena."

Alikata mămăligă nzima. Alikata hadi ikawa makombo. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameifanya mwenyewe na ilikuwa mali yake, akaila. Anatol aliletwa mlangoni atazame, akasimama na kofia mkononi, bati limemning'inia kwenye mkanda, na ndipo nikajua kwamba mtu mkubwa hivyo anaweza kulia bila mabega yake kutikisika.

Mkono wa kushoto wa Domnica haukufunguka kikamilifu, na Zinovia hakuwahi kudai ungefunguka. Lakini aliingia shule mwaka uliofuata, akijifunga vifungo mwenyewe. Leo ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, anaendesha duka la rangi na misumari pale karibu na kituo cha basi, na ukimwambia utambebea kopo la rangi anakutazama vibaya.

Sina nafasi ya kusimulia wote. Kuna mtoto ambaye hakuweza kugusa kitu chochote chenye majimaji, akipiga mayowe kwa tone la maziwa, na aliyepona hofu hiyo siku bata bukini wa mlinzi alipoingia chumbani, akaipindua beseni ya maji ya sabuni, na mtoto akamfukuza mle ndani kwa miguu mitupu akiwa amesahau kabisa kwamba ana ugonjwa. Kwa mwezi mzima Zinovia alitaka bukini yule aandikwe kwenye orodha ya wafanyakazi. Na wako watoto ambao hawakupata walichokuja kukitafuta. Hao nao anawakumbuka kwa majina, na tukiwataja kicheko kinakatika.

Sasa niueleze ule mwaka.

Mwaka 2008 paa la nyumba ya mama yake liliporomoka, Zinovia mwenyewe alikuwa na mwana chuoni, na mshahara wetu ulikuwa ule ule wa kuchekesha. Kliniki moja ya kulipia ya Chișinău ilimwita. Walimpa mshahara mara tano ya huo. Akaenda. Hatukumlaumu, sote tulikuwa na mtu aliyekwenda mahali. Aliagana nasi bila kutania, akanipa ufunguo wa chumba, nami nikautundika kwenye msumari.

Huko mjini, anasema, kazi ilikuwa safi. Mipira haikukimbilia kona. Watoto walikuja na yaya zao, saa moja ikipita kengele inalia, anakuja mwingine. Aliwasaidia, tena vizuri. Mama yake akapata paa jipya.

Mwezi wa Februari akaingia mwanamke aliyefunga mtandio wa kijijini, amemshika mtoto wa kiume wa miaka mitano. Aliitwa Agafia Stratan, wa huku kwetu, kijiji cha nyuma ya kilima. Mwanawe, Grișa, alikuwa na mikono inayotetemeka; kikombe kilimwagika kabla hakijafika mdomoni, na shati lilimshinda. Walikuwa wametoka nyumbani kabla ya mapambazuko. Walikuwa wameuza ndama.

Zinovia akamtambua, akafurahi. "Agafia! Karibu! Basi tutapanga vikao, tuanze na..."

"Dada," Agafia akamkata, kwa sauti ya chini ili msichana wa mapokezi asisikie. "Sisi tumekuja mara moja tu. Tuonyeshe yote leo."

Zinovia hakuelewa. "Yote nini?"

"Yote unayoyajua. Saa moja tumeilipia. Mimi nitatazama sana."

"Agafia, hayafundishiki kwa saa moja. Kwa nini hukwenda pale nyumbani? Kile chumba..."

"Tulikwenda, dada. Tukafungua mlango, tukakuta viazi."

Ni kweli. Naona aibu kwa niaba ya kliniki nzima, lakini ni kweli: chumba kilipokaa kitupu miezi miwili, watu wa jikoni walikuwa wamekiomba kwa ajili ya viazi vya majira ya baridi, nami nikautoa ule ufunguo msumarini.

Kengele ya saa ilipolia, Zinovia alikuwa amefika kwenye kikombe tu. Akawaambia wamsubiri nje. Akamaliza zamu, akatoka, akawakuta wamekaa kwenye benchi la bustani iliyo mkabala, Agafia amemfunika mtoto kwa mtandio wake. Zinovia akakaa katikati yao. Akauliza, "Una nini kwenye mfuko?"

Agafia akaona haya. "Chakula cha njiani tu."

"Toa."

Kulikuwa na mayai ya kuchemsha, mkate, jibini kwenye kitambaa kilichofungwa fundo, na gudulia la kachumbari ya matango lenye kifuniko cha kuzungusha. Zinovia alipanga vitu hivyo juu ya benchi, na anasema ndipo alipohisi kama mtu amempiga kofi. Kila alichokuwa nacho kwenye kabati la kliniki, vile vifaa vya rangi vilivyoagizwa kutoka nje, kilikuwa hapa ndani ya mfuko wa mama huyu. Fundo la kufungua. Kifuniko cha kuzungusha, viwiko vikiwa vimeegemezwa pajani ili mikono itulie. Yai la kumenya, ganda baada ya ganda, na zawadi iko ndani.

"Mfundishe hivi kila siku. Usimpe yai lililomenywa tena maishani."

"Akilia?"

"Atalia."

"Nami nikitaka kumsaidia?"

"Kalia mikono yako, Agafia. Iweke chini ya mapaja, uikalie. Wewe ndiye utakayeumia zaidi."

Grișa alimenya yai moja kwa muda mrefu kiasi kwamba njiwa walikata tamaa wakaondoka. Alipomaliza lilikuwa limekuwa jeusi kwa uchafu. Akampa Zinovia. Zinovia akalila.

Mkuu wa kliniki ile alimwita kesho yake, kwa sababu mtu alikuwa amewaona bustanini. Akamweleza kwa adabu kwamba utaalamu wake ni mali ya kliniki na hautolewi kwenye mabenchi. Zinovia akamsikiliza hadi mwisho, akamshukuru kwa paa la mama yake, akaomba kuacha kazi. Alirudi huku mwezi wa Aprili, matope yakiwa hadi magotini.

Msidhani tulimpokea kwa maua. Nafasi yake ilikuwa imefutwa. Daktari Bejan alimwambia wazi wazi kwamba hakuna fungu la mshahara wala chumba, na kwamba anachoweza kumpa ni nusu zamu ya ukandaji.

"Naichukua," Zinovia akasema. "Nakuomba na Alhamisi."

"Alhamisi ya nini?"

"Ya wazazi. Watoto ni wengi, mimi ni mmoja, na watu hawawezi kuuza ndama kila wiki. Nitawafundisha wazazi. Wao wana siku zote saba."

Daktari Bejan alivua miwani. "Unataka kuwafanya akina bibi wa kijijini kuwa wataalamu?"

"Hapana. Nataka kuwafanya waache kuwalisha."

Akapewa Alhamisi. Tulihamisha viazi sisi watatu, Zinovia, Anatol na mimi, na katikati ya vumbi lile Daktari Bejan akatokea mlangoni na koti lake jeupe. Tulidhani amebadili nia. Alisema tu, "Vilivyochipua msivitupe, vitafaa kwa mbegu," akaondoka.

Alhamisi ya kwanza hakuja mama hata mmoja. Walikuja akina bibi, kwa kuwa akina mama walikuwa Italia. Kama mnawajua akina bibi wa kwetu, mnajua kazi iliyokuwepo. Walikalishwa kwenye mabenchi kuzunguka chumba, wakaambiwa wakalie mikono, na mbele yao kila mjukuu akapewa soksi moja. Kisha mjukuu wa Bibi Paraschiva akaanza kushindana na soksi yake, ikampita vidole, ikaanguka, akaiokota, ikaanguka.

"Mvalishe basi!" Bibi Paraschiva akapaza sauti.

"Mikono, Bibi," Zinovia akasema.

"Unamtesa mtoto! Hana mama hapa, wewe unamtesa!"

"Mikono, Bibi Paraschiva."

Bibi akainuka, akamkwapua mjukuu na soksi yake, akatoka akilaani kliniki, serikali na Italia. Wengine wakatazamana. Wawili wakamfuata. Usiku ule, mimi nikiwa na hakika kwamba jambo hili limekufa, Zinovia aliniambia tu, "Amebeba soksi. Kama angekuwa hatarudi, angeitupa."

Alhamisi iliyofuata Bibi Paraschiva alifika wa kwanza, mlango haujafunguliwa. Hakusalimia. Alikaa, akasukuma mikono yake chini ya mapaja, akamwambia Zinovia kama anayemgombeza:

"Kavaa. Asubuhi nzima imekwenda, mbuzi wamelia, maziwa yamemwagika, lakini kavaa mwenyewe. Sasa nini? Kiatu?"

Hapo ndipo kilipoanzia kile ambacho wilaya nzima sasa inakiita Chumba cha Alhamisi. Walikuja kutoka kwenye vijiji ambavyo hata mimi nilikuwa sivijui. Hapakuwa na bei mlangoni. Mwenye chochote alileta. Kuna mwaka tulikula jozi na jamu ya cheri hadi tukachukia. Zinovia aliwafundisha kutafuta dawa ndani ya nyumba zao: kupukuchua mahindi, kuchambua maharagwe, kuviringisha wali na nyama ndani ya majani ya kabichi kwa ajili ya sarmale, kukamua kitambaa. Agafia alikuwa akija na Grișa wake kuwasaidia wageni, na akina mama wapya wakiogopa, ndiye aliyewaonyesha namna ya kukaa. Grișa sasa ni fundi wa baiskeli. Mikono yake bado inatetemeka kidogo. Skrubu hazijalalamika.

Fedha za bima ya taifa zilichelewa, kisha zikafika. Daktari Bejan, mwaka wake wa mwisho kabla hajastaafu, ndiye aliyesafiri mara kadhaa kwenda wizarani kuipigania nafasi ile ile aliyoifuta, akarudi nayo imetiwa saini. Siku hiyo hiyo aliagiza kibao cha mlangoni. Alipoulizwa sababu ya haraka, alisema amechoka watu kumsimamisha njiani wakiuliza kilipo chumba cha viazi. Ndivyo alivyoomba radhi, na Zinovia alielewa, kwa sababu alicheka hadi akakaa chini.

Mwaka 2016 aliletewa mwenzake, Aurica Moraru, msichana aliyesoma kazi hii nchini mwetu wenyewe, kwa jina lake rasmi na cheti chake. Mwanzoni Aurica alimwogopa. Kisha akaanza kumbishia. Sasa wanabishana kila siku kuhusu namna ya kushika kalamu, nami nimeacha kuingilia.

Tulipanga kumuaga chumbani kwake Jumanne hii, siku yake ya mwisho ya kuona watoto. Keki ilikuwa tayari, Domnica alikuwa ameleta divai ya baba yake, watu wamejaa korido. Ndipo mlango wa nje ukafunguka, akaingia mwanamke kijana, ameloa mvua, amebeba mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi aliyelala begani. Jina lake Tincuța. Alikuwa amebadilisha mabasi mawili. Aliona umati, keki, maua, akarudi nyuma hatua moja.

"Samahani. Nimekosea siku?"

"Hujakosea," Zinovia akasema, na akakabidhi maua kwa mtu wa karibu, ambaye alikuwa mimi.

"Nilitaka kwanza kuuliza bei."

"Ingia kwanza. Anaitwa nani?"

Mlango ukafungwa. Tulisimama koridoni na keki. Kupitia ukutani nilisikia mtoto akiamka, akilia, akinyamaza. Nikasikia kitu cha bati kikianguka, kikaokotwa, kikaanguka. Hakuna aliyeondoka. Hata Daktari Bejan alikaa kwenye benchi la wagonjwa, mkoba mapajani, akisubiri kama mzazi yeyote.

Walipotoka, mvua ilikuwa imekatika. Mtoto alikuwa na uji puani, shingoni na kwenye nywele, na kiasi kidogo mdomoni. Tincuța alikuwa anatabasamu. Akauliza kile ambacho wote huuliza.

"Turudi lini, Mama?"

Na Zinovia Gurău, ambaye sijawahi kumwona akikosa neno, akafungua mdomo, akaufunga. Akatutazama sisi tuliokuwa koridoni, mmoja mmoja. Machozi yalikuwa yamemjaa machoni.

"Alhamisi," Aurica akasema nyuma yake, akimfuta mtoto uji puani. "Njoo Alhamisi saa tatu. Tutakuwepo."

Tincuța akashukuru, akaenda kuwahi basi.

Zinovia, kwa niaba ya kliniki, ya wazazi na ya kila mtoto aliyejifunga kifungo chake mwenyewe katika wilaya hii: ahsante. Nenda kwenye bustani yako ya cheri, kaa na mama yako chini ya paa lake zima, amka unapotaka. Uwe na afya, uwe na wageni wengi, na siku zako ziwe ndefu na tamu. Sisi tuko kazini.

Evdochia Lupan
Mwalimu wa matamshi, chumba cha jirani